Kupanda au kushuka? Kisa cha pedeli zinazong'ata kiatu

Niko Pickering, kando ya Ziwa Ontario. Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimerudi kubeba boksi zamu mbili. Hapana, nilikuwa nauguza goti. Nilianguka na baiskeli, tena nikiwa nimesimama.

Umesoma sawasawa. Sikuwa nakimbizana na mtu, sikugongwa na gari, wala hakukuwa na barafu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua zuri la Juni, nimetoka kule Millennium Square ufukweni, napanda Liverpool Road kurudi nyumbani. Pale njia panda ya Bayly taa ikawa nyekundu. Nikafunga breki kistaarabu, baiskeli ikasimama, nikatoa mguu niuweke chini. Mguu haukutoka. Nikajaribu wa pili, nao haukutoka. Kwa sekunde kama mbili nilibaki nimekaa wima juu ya magurudumu mawili kama mtu wa sarakasi, kisha nikaenda upande kama gunia la mkaa lililofungwa vibaya kwenye keria. Mama mmoja akashusha kioo cha gari, akauliza kama niko salama. Nikamjibu niko salama kabisa, huku nimelala chini na baiskeli imenishika miguu yote miwili. Teh teh teh!

Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Lakini nyuma ya yule mama kulikuwa na lori. Huku tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari yanapita kushoto kwako. Niliangukia kulia, kwenye ukingo wa barabara. Ningeangukia kushoto, pengine leo mngekuwa mnachangishana. Na hata hivyo goti lilivimba wiki tatu, na kwa sisi tunaolipwa kwa saa, goti likivimba zamu zimekwenda, na zamu zikienda kuna watu Tanga wanapiga simu kuuliza kulikoni mwezi huu.

Chanzo cha yote ni pedeli mpya. Jamaa ninayepanda naye alinishawishi miezi mingi: nunua pedeli za kunasa, utaona tofauti. Nikanunua, pamoja na viatu vyake. Bei yake sitaitaja, mama anasoma hapa. Niseme tu kwamba kwa hela ile Tanga ningepata Phoenix mpya na soda juu.

Nilipompigia mjomba wangu kumweleza, yeye ni fundi baiskeli mstaafu pale Ngamiani, mambo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nasikia baiskeli imekuangusha imesimama." (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba.)

Nikamweleza jinsi chuma cha chini ya kiatu kinavyoingia kwenye pedeli na kufungwa na springi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa huyo aliyeitengeneza, alianza kufikiria kupanda au kushuka?"

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki zote za kulala na barafu gotini. Nikaanza kusoma. Na nilichokigundua ni kwamba mjomba, bila kujua, aliuliza swali lililowachukua mafundi wa Ulaya na Marekani karibu miaka tisini kulijibu. Basi leo niwape historia hiyo.

Tuanze na jina, maana limekaa kichekesho. Pedeli hizi kwa Kiingereza huitwa clipless, yaani zisizo na klipu. Mtu anashangaa: mbona ndizo zinazoshika? Sababu ni kwamba klipu ni kitu kilichokuwepo kabla yake. Mwishoni mwa karne ya 19 waendesha baiskeli wa mashindano walianza kufunga mbele ya pedeli kikapu kidogo cha chuma kinachopokea vidole vya mguu. Baadaye kikaongezwa mkanda wa ngozi unaozunguka kiatu. Ilipokuja pedeli isiyohitaji kikapu wala mkanda, ikaitwa "isiyo na klipu", na jina likaganda hadi leo ingawa vijana wengi hawajawahi kuiona hiyo klipu yenyewe.

Kwa nini mtu ajifunge miguu? Anayekwenda shamba na Phoenix hana haja. Lakini mtu wa mashindano anazungusha pedeli mara tisini au mia kwa dakika, na kwenye mbio za mwisho zaidi ya hapo. Kwa kasi hiyo mguu ukiruka nje ya pedeli, krenki inarudi na kukupiga kwenye muundi, na unaweza kuwaangusha wenzako ishirini. Wengi watakwambia pia kwamba faida ni kuvuta pedeli juu kwa mguu wa nyuma. Hilo lichukue kwa tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima waendeshaji wakivuta kwa makusudi, na walipofanya hivyo miili yao ilitumia nishati vibaya zaidi kuliko walipokanyaga kwa kawaida yao. Faida kubwa ni mguu kukaa pale pale, kila mzunguko, bila kuufikiria.

Sasa, vikapu na mikanda vilitawala mpaka miaka ya 1980. Magwiji wote unaowaona kwenye picha za zamani, Fausto Coppi, Jacques Anquetil, Eddy Merckx, walishinda wamefungwa mikanda. Kabla ya kukaribia mwisho, mtu aliinama na kuukaza mkanda kwa mkono. Kabla ya kusimama, aliinama tena kuulegeza. Asipowahi, anaanguka na baiskeli yake kama mimi, isipokuwa yeye anaanguka kwa kilomita hamsini kwa saa.

Cha ajabu ni kwamba wazo la pedeli inayonasa bila mkanda ni la zamani karibu sawa na kikapu. Mwaka 1895 Mmarekani Charles Hanson alipata hataza ya pedeli inayokishika kiatu na kukiachia kwa kuzungusha mguu. Mwaka 1895, jamani! Hiyo ndiyo miaka ya homa ya baiskeli. Hapa Toronto penyewe, mwaka 1899, makampuni ya baiskeli yaliungana kukabili ushindani wa Wamarekani na kuunda kampuni iliyokuja kujulikana kama CCM. Ndiyo, hiyo hiyo ya viatu vya kutelezea kwenye barafu na vifaa vya hoki. Walitengeneza baiskeli mpaka kampuni ilipofilisika mwaka 1983, na wazee wa hapa bado wanaizungumzia CCM yao ya utotoni kama sisi tunavyoizungumzia Swala. Lakini pedeli ya Hanson haikupata soko. Watu wakabaki na mikanda.

Jaribio lililonivutia zaidi ni la Muitaliano Cino Cinelli. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alishinda Milano–San Remo mwaka 1943, akastaafu, akaanzisha kiwanda chake cha vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatoa pedeli iliyoitwa M71. Chini ya kiatu kuna kipande, kinateleza ndani ya pedeli, kinafungwa. Kinashika barabara, hakiteteriki. Tatizo ni hili: ili utoke, lazima uiname na kusukuma kitasa kidogo kwenye pedeli kwa mkono. Kila mguu na kitasa chake. Watu wakazibandika jina la pedeli za kifo. Kwa hiyo mjomba, Bwana Cinelli alianza kufikiria kupanda.

Nadhani hapa ndipo penye siri ya kisa kizima. Kunasa ni rahisi, hata mtego wa panya unanasa. Ugumu ni kutengeneza kitu kitakachokushika kwa nguvu zote unapotaka kushikwa, na kukuachia papo hapo unapotaka kuachiwa, bila mkono na bila kufikiri. Na jibu halikutoka kwa watu wa baiskeli hata kidogo. Lilitoka kwenye theluji.

Mimi mtoto wa Tanga, theluji niliijua kwa picha za Kilimanjaro tu mpaka nilipofika huku. Majirani zangu hapa wakati wa baridi wanapakia mbao zao na kwenda kuteleza Uxbridge, kaskazini kidogo. Ule mchezo unataka kiatu kikamatwe kabisa na ubao, la sivyo huwezi kuuongoza. Lakini ukianguka na ubao ukabaki mguuni, ule urefu wake unageuka wenzo, na mfupa unakatika kama muwa. Kwa hiyo watu wa theluji walilazimika kulitatua swali la mjomba mapema, kwa sababu hospitali zao zilikuwa zinajaa. Mmoja wa waliolitatua ni Mfaransa Jean Beyl, mwanzilishi wa kampuni ya Look ya mji wa Nevers, aliyetengeneza vibano vinavyofunguka vyenyewe mguu unapopata msokoto wa kuanguka.

Mwaka 1983 Look ilinunuliwa na tajiri mmoja machachari, Bernard Tapie. Mwaka uliofuata huyo huyo Tapie akaanzisha timu ya baiskeli, La Vie Claire, na nyota wake alikuwa Bernard Hinault, aliyekuwa ameshashinda Tour de France mara nne na kutoka kwenye upasuaji wa goti. Unaona mambo yanavyokutana? Kiwanda cha vibano vya theluji na bingwa wa baiskeli chini ya bosi mmoja. Mwaka 1984 Look wakatoa pedeli yao. Unakanyaga, inalia "ta!", umenasa. Unapeleka kisigino nje, umenasuka. Hakuna mkanda, hakuna kitasa, mikono inabaki kwenye usukani.

Waendeshaji wengine walizitazama kwa mashaka. Kisha Julai 1985 Hinault akashinda Tour yake ya tano nazo. Katikati ya mashindano alianguka vibaya karibu na mstari wa kumalizia huko Saint-Étienne, pua ikavunjika, uso ukajaa damu, na siku iliyofuata akapanda tena. Tangu mwaka huo mpaka 2025 hakuna Mfaransa mwingine aliyeshinda Tour ya wanaume. Mwaka 1986 mwenzake wa timu hiyo hiyo, Mmarekani Greg LeMond, akashinda. Baada ya hapo mikanda ikaanza kwenda makumbusho, ingawa Sean Kelly wa Ireland aling'ang'ania vikapu vyake miaka mingi baada ya wengine kuviacha.

Na hapa Ontario tuna sehemu yetu. Katika timu ile ya La Vie Claire ya 1985 alikuwemo kijana wa Rasi ya Niagara, ng'ambo ya ziwa hili ninalolitazama, Steve Bauer. Alitoka kupata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, na katika ile Tour ya Hinault alimaliza wa kumi. Mwaka 1988 alifika wa nne. Siku hizi ukitaja jina lake kwa vijana wa kundi letu, wengine hawamjui. Wazee wanamjua.

Pedeli za Look zilikuwa na kasoro moja. Kile kipande cha chini ya kiatu, ambacho mimi nakiita njumu kwa kuwa kinanikumbusha viatu vya mpira, ni kikubwa na kimetokeza nje ya soli. Ukishuka unatembea kama bata. Mwaka 1990 Wajapani wa Shimano wakaja na njumu ndogo ya chuma, iliyofungwa kwa skrubu mbili na kuzama ndani ya soli ya mpira, ili mtu wa baiskeli ya milimani aweze kushuka na kutembea kwenye tope. Hizo ndizo nilizonazo mimi. Unaweza kuingia nazo dukani kununua maziwa na hakuna atakayekutazama mara mbili.

Umuhimu wa jambo hilo dunia nzima iliuona mwaka 2016, na aliyetuonyesha ni mtu wa kwetu, au tuseme nusu wa kwetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi Mei 1985, miezi miwili kabla Hinault hajashinda na zile pedeli. Mashindano alifundwa na David Kinjah kule Kikuyu, mtu mwenye rasta ndefu aliyewafunza baiskeli vijana wengi wa kijijini kwake. Froome alipanda kwa bendera ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, baadaye akahamia bendera ya Uingereza, na kuanzia 2013 akashinda Tour mara nne.

Tarehe 14 Julai 2016 alikuwa na jezi ya njano, wanapanda mlima Ventoux. Watu wamejaa barabarani, pikipiki ya wapiga picha ikakwama mbele yao, Richie Porte akaivaa, Froome na Bauke Mollema wakamfuata. Baiskeli ya Froome ikavunjika. Gari la timu liko nyuma sana. Akafanya kitu ambacho sijawahi kuona kabla wala baada: akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, amevaa njano, na viatu vya njumu! Mkenya ni Mkenya tu, nilisema siku ile, mbio ziko damuni. Wakampa baiskeli ya msaada. Akapanda, lakini pedeli zake hazikuafikiana na njumu zake, kwa sababu kila kampuni ina umbo lake na halilingani na la mwenzake. Mtu wa kwanza duniani kwa baiskeli, na miguu inateleza kama mtoto anayejifunza. Akaitupa mpaka alipopata baiskeli ya timu yake. Baadaye waamuzi wakamrudishia muda wake, akabaki na njano mpaka Paris.

Nilipomsimulia mjomba habari hii hakucheka. Alisema: "Phoenix yoyote ningempa angefika." Na ni kweli. Pedeli ile bapa yenye mpira haimuulizi mtu amevaa nini. Pale Tanga, mji wa baiskeli, nimeona watu wakikanyaga kwa kandambili, kwa makubazi, kwa viatu vya harusi, akina mama na mabuibui yao, watoto pekupeku mguu mmoja umepenya ndani ya fremu kwa kuwa hawafiki kwenye siti. Mpira ukiisha unabaki mti wa chuma peke yake, na watu wanaendelea. Kule Goma wenzetu wana chukudu ya mbao, isiyo na pedeli kabisa, na inabeba mzigo ambao gari dogo lingeukataa.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa huku hawezi kulielewa upesi. Barabarani kwetu mguu lazima uwe huru. Basi likija nyuma linapiga honi, unaruka pembeni kwenye mchanga, mguu chini, linapita, unaendelea na safari. Mara kumi kwa safari moja. Huko pedeli ya kunasa ni hatari kweli, si ushamba wala umaskini tu unaowafanya watu wasiwe nayo. Wanaoitumia Afrika Mashariki ni watu wa mashindano, na hao sasa ni wengi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na mbio za wanawake zilichukuliwa na binti wa Kanada, Magdeleine Vallieres wa Quebec. Siku ile kazini nilitembea kifua mbele pande zote mbili.

Turudi kwenye goti langu. Mke wangu alisema zirudishwe dukani. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kugundua kwamba kosa lilikuwa langu: pedeli zilikuja na springi imekazwa, na mimi sikujua kuna skrubu ndogo ya kuilegeza. Ufunguo wa L wa milimita 3, unazungusha kinyume cha saa, unasikia vidoko vidogo, kila kidoko kisigino kinatoka kwa nguvu ndogo zaidi. Nikalegeza zote nne, maana kila pedeli inanasa pande mbili, mpaka karibu na mwisho. Kisha nikaenda kwenye maegesho matupu, nikashika uzio, nikafanya kazi moja tu: ingia, toka, ingia, toka. Kulia mara mia, kushoto mara mia. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wa kikapu wakaacha kucheza wakanitazama. Mzee mzima anapigana na uzio!

Juzi nimepita tena Liverpool na Bayly. Taa ilikuwa ya kijani, lakini mguu wa kulia niliutoa mita hamsini kabla, nikapita njia panda huku unaning'inia kama wa mtoto. Mpaka sasa natoa mguu kwa kila taa, kwa kila mbwa, na kwa kila mama mwenye kigari cha mtoto. Jamaa yangu ananicheka. Acha acheke, zamu zangu hazilipi yeye.

Nimemtumia mjomba picha. Ameikuza kwenye simu ya binti yake, akaitazama siku nzima, kisha akauliza nyuzi zake zina kipimo gani na kama zitaingia kwenye krenki ya Phoenix, na kama ya kushoto bado inafungwa kinyume. Nikamwambia ya kushoto ni kinyume kama kawaida. Akaridhika. Nikamuuliza basi nimtumie jozi? Akasema pedeli zangu nibaki nazo, ila kama kuna mtu anakuja Disemba, yeye ana shida na gololi. Za robo inchi, na ziwe nyingi.